Mguu wa Damiani

Simu ililia saa nne asubuhi, Jumatatu, na Lusia akaipokea mikono yake ikiwa bado na unga. Alibonyeza pale alipoonyeshwa ili sauti itoke nje, kisha akaiegemeza kwenye kopo la sukari juu ya kigoda, karibu na kitanda cha mumewe.

"Shikamoo mama," sauti ikasema.

"Marahaba, dokta. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Mgonjwa wetu ameamka?"

"Ameamka. Yuko hapa, anakusikia."

Damiani alikuwa amelala chali, macho kwenye mabati. Upande wake wote wa kulia, kuanzia pembe ya mdomo mpaka kidole gumba cha mguu, ulikuwa umepooza tangu alipoanguka katika karakana yake ya useremala akiwa ameshika randa. Alilazwa Dar es Salaam wiki tatu. Siku ya kumruhusu, daktari wa mazoezi, binti mmoja aitwaye Warda, alimketisha Lusia kwenye benchi na kumwekea mkononi simu ndogo ya tochi. Mama, alimwambia, mimi siwezi kuja Somanga kila wiki, na wewe huwezi kumbeba mzee kuja huku kila wiki. Basi mikono itakuwa yako, maneno yatakuwa yangu. Mradi wa hospitali ulilipia vocha. Minara ya simu ilikuwa imefika Somanga kabla ya umeme na kabla ya lami, na kila Jumatatu na Alhamisi saa nne, maneno ya Warda yaliingia katika nyumba ya Lusia.

"Shika chini ya goti kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine," Warda alisema. "Likunje taratibu. Kisigino kisiachane na godoro. Limekunjika?"

"Limekunjika."

"Sasa mwambie asukume. Usimsukumie, mama. Asukume mwenyewe, hata kama huoni kitu."

"Baba Mary, sukuma," Lusia alisema.

Damiani akageuza uso ukutani.

"Anasukuma?"

Lusia aliusikilizia ule mguu kiganjani mwake, mzito kama gogo lililolowa. "Bado, dokta."

"Tutarudia. Mara kumi. Na wewe mgongo wako vipi? Usiinamie kiuno, piga magoti."

Lusia akapiga magoti. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakukumbuka ni lini mtu alimuuliza habari za mgongo wake.

Kazi haikuwa hiyo tu. Alfajiri alikanda chapati za kuwauzia abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama barabarani. Akirudi alimwogesha mumewe, akambadilisha, akamnywesha uji ambao Damiani alizoea kuutema akikasirika, na alikasirika kila siku. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa mkono huo alirusha vikombe, sahani, hata sabuni, mpaka Lusia na binti yao Mary wakajua hatua ngapi za kusimama mbali na kitanda. Mary alikuwa darasa la saba. Alijifunza kumsogezea baba yake chai kwa mwiko.

Evaristo, mdogo wake Damiani, alikuja siku moja katikati ya mazoezi. Alisimama mlangoni na kofia yake kichwani.

"Shemeji, mbona unamvutavuta kaka kama mbuzi wa kuchinjwa?"

"Ni mazoezi, shemeji. Daktari yuko kwenye simu."

"Daktari wa kwenye simu anaona nini? Mtu akisema 'kula sumu' kwenye simu, utampa?" Akacheka peke yake. Alitazama huku na huko, akauliza habari za zile randa na misumeno ya karakana kama bado zipo, maana vyuma vikikaa huliwa na kutu. Aliondoka na mbili. Hakumgusa nduguye.

Sada, jirani aliyekaanga pamoja naye barabarani, yeye samaki na Lusia chapati, alikuwa hana simile.

"Shoga, nikuulize, na usinichukie. Mungu amekupumzisha. Jino lako hilo la mbele alilitoa nani? Sasa mbona unahangaika kumsimamisha?"

Lusia aliigeuza chapati kabla ya kujibu. "Mume hafugwi kitandani, Sada."

"Si jibu hilo."

Kweli halikuwa jibu. Jibu lenyewe Lusia hakulisema hata mbele ya padri. Alikuwa anataka Damiani asimame, atazame chini, aone ni mikono ya nani iliyomsimamisha. Miaka ishirini, tangu walipoteremka kutoka Newala kuifuata kazi ya kiwanda cha korosho, na baada ya kiwanda kuuzwa na kufungwa na mwanamume kurudi nyumbani na hasira zisizo na mahali pa kwenda, Lusia alikuwa akingoja siku ambayo Damiani angemwona. Siku hiyo sasa ilikuwa inatengenezwa kwa mikono yake mwenyewe, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.

Mwezi wa pili wa mazoezi, goti lilisukuma.

Lilisukuma kidogo mno, kama mtoto anavyocheza tumboni, lakini Lusia aliruka. "Dokta! Limesukuma! Wallahi limesukuma!" Alikuwa Mkristo, lakini kiapo cha Sada ndicho kilichomtoka.

"Hongera, mama!" sauti ya Warda ilijaa chumba. "Hongera sana. Unajua nina wagonjwa kumi na mmoja kwenye simu, na hakuna anayefanya kazi kama wewe? Nawaambia wenzangu hapa, ningekuwa na mama Mary watatu ningefunga wodi."

Lusia aliyabeba maneno hayo mpaka barabarani, na siku ile hakupunja unga hata kwenye chapati moja.

Baada ya goti likaja kuketi, na baada ya kuketi likaja kusimama. Warda alifundisha jinsi ya kufanya, na Lusia akaenda kwa maneno yake kama kipofu anayeshikwa mkono. Amvute mpaka ukingo wa kiti. Azuie goti bovu la mumewe kwa goti lake yeye. Amwambie ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kwa sababu makalio hayainuki kama kichwa hakijatangulia. Damiani aliinama, akasukuma, akaanguka tena kitini, na mara ya tano au ya sita neno lilimtoka. Lilikuwa la kwanza tangu aanguke.

"Malaya!"

Lilitoka wazi kabisa, bila kigugumizi. Nje, wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo walisimama, kisha wakaendelea wakibana vicheko.

"Mama," Warda akasema kwa upole, "usilichukulie. Ndivyo ulivyo ubongo. Matusi na sala hukaa mahali pengine, hurudi mapema. Si kwamba anakusudia. Kwetu sisi ni dalili nzuri."

"Sawa, dokta," Lusia alisema. Alimtazama Damiani, na Damiani alikuwa anamtazama, na nusu ya mdomo wake iliyo hai ilikuwa imeinuka.

Hakuna neno jingine lililofuata. Kwa neno hilo moja aliomba maji, alifukuza nzi, alimwita Mary, alisalimia wageni.

Mwezi wa tano, Alhamisi moja, alisimama bila kushikwa.

"Mwachie," Warda alikuwa amesema. "Rudi nyuma nusu hatua, mikono yako iwe karibu. Aondoe mwenyewe mkono begani kwako."

Lusia alirudi nyuma nusu hatua. Damiani alisimama mbele yake, mrefu kama alivyokuwa siku zote. Lusia alikuwa amesahau jinsi alivyo mrefu. Aliinua uso kumtazama, na hakika uso huo ulikuwa unacheka, maana hii ndiyo ile siku. Damiani akauondoa mkono wa kushoto begani kwa mkewe. Akaupeleka nyuma. Kofi lilimpata Lusia shavuni na sikioni kwa pamoja, na Damiani, kwa nguvu ya lile pigo, akarudi kitini kwa kishindo.

"Nimesikia kitu," Warda akasema. "Kuna nini? Ameanguka?"

Sikio lilikuwa linavuma. Lusia alishika ukuta.

"Hapana, dokta. Ameangusha kikombe."

"Alisimama lakini?"

"Alisimama."

"Bila kushika? Mwenyewe?" Warda alipiga makofi, na makofi yake yalisikika kwenye simu. "Mama Mary! Leo nitalia kwa furaha!"

Sada aliliona shavu lile barabarani, akageukia samaki wake. Lusia alimshukuru kwa hilo.

Aliendelea na mazoezi. Hata yeye baadaye alijiuliza kwa nini. Labda kwa sababu ya sauti ile ya saa nne. Labda alidhani mtu akipona nusu huwa hivyo, na akipona yote atakuwa mwingine. Basi Damiani akapewa mkongojo, mti wa mkorosho, na mwisho wa mwezi wa sita aliweza kutoka chumbani hadi uani, mguu wa kulia ukiburuza, mkongojo ukigonga sakafu. Mary akiusikia mlio ule jikoni alikuwa anasimama na kuegemea ukuta.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Lusia alikuwa barabarani. Mary alichelewa na chai kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Alikuwa amepiga magoti anapuliza moto, moshi machoni, na hakuusikia mkongojo ukija. Ulimpata juu ya jicho.

Zahanati walimshona nyuzi nne. Mganga aliuliza amefanya nini, na kabla Mary hajafungua kinywa Lusia alijibu: "Ameanguka kisimani." Njiani kurudi alimshika binti yake mkono na kumwambia, "Mtu yeyote akikuuliza, umeanguka. Mambo ya ndani ni ya ndani." Ndivyo mama yake alivyomwambia yeye, na ndivyo alivyomjibu kila mtu kuhusu lile jino.

Walipofika, Damiani alikuwa kitini uani, mkongojo mapajani, anaota jua. Lusia aliuchukua ule mkongojo akaupasua kuni. Chapati za Jumapili ziliivia juu yake.

Jumatatu saa nne simu ililia. Lusia aliipokea, akaiweka kwenye kopo la sukari. Kisha akavuta kigoda kingine, akaketi mbali na Damiani, hatua zile walizozijua yeye na Mary, akaweka mikono mapajani.

"Shikamoo mama. Leo tutafanya ngazi. Kuna kizingiti hapo mlangoni?"

"Kipo."

"Mguu mzima utangulie kupanda. Mwambie."

"Baba Mary," Lusia alisema, akimtazama machoni, "panda."

Damiani hakuelewa mwanzoni. Aliinyoosha shingo, akangoja aje amwinue kitini, kwa sababu kuinuka kitini bila mkongojo bado hakuweza.

"Amepanda?"

"Amepanda."

"Goti halijakatika?"

"Halijakatika."

"Mara kumi, mama. Nakusubiri."

Lusia akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu kwa mwendo wa mtu anayepanda na kushuka, akipumzika pale mgonjwa angepumzika. Alipofika sita Damiani alikuwa ameelewa. Damu ilimjaa usoni. "Malaya!" alipiga kelele. "Malaya! Malaya!"

"Ana nguvu leo," Warda alisema, akicheka kidogo.

"Ana nguvu," Lusia akajibu. "Saba."

Siku ile ile yeye na Mary walikitoa kitanda, wakatandika godoro chini. Mtu aliye mzima nusu huweza kujiinua kitandani, lakini kutoka sakafuni hawezi. Lusia alijua hilo. Warda ndiye aliyemwambia, siku alipokuwa anamfundisha namna ya kumzuia mgonjwa asianguke.

Mengine yote aliyafanya. Watu wa Somanga waliokuja kumsema baadaye hawakuweza kusema kwamba Damiani alilala na uchafu au na njaa. Alimwogesha kila siku, alimgeuza asitoke vidonda, alimkata kucha. Samaki alimtolea miiba. Ila mguu hakuugusa. Jumatatu na Alhamisi aliketi kwenye kigoda, akaisikiliza sauti ya Warda, akasema amekunja, amenyoosha, ametembea mpaka kwa Sada na kurudi. Aliposifiwa, alishukuru. Kila sifa alijua si yake, na bado aliingoja, kwa maana hapakuwa na mwingine duniani wa kumsifu.

Wiki ya nne Damiani aliacha kutukana. Saa nne ikikaribia alianza kuhangaika godoroni, na simu ilipolia alimnyooshea Lusia mkono wa kushoto, ule mzima, kiganja juu, ili amshike na kumwinua. Aliuweka hewani muda wote Warda alipokuwa anaongea. Ulichoka, ukashuka, akaunyanyua tena.

"Leo anaendeleaje moyoni?" Warda aliuliza. "Wengine hufika mahali wakakata tamaa."

"Hajakata tamaa," Lusia alisema. Na huo ulikuwa ukweli.

Mguu ulianza kujikunja mwezi wa nane. Goti lilipanda kuelekea tumboni likakataa kushuka, na unyayo ukachongoka kuelekea chini.

Kisha, bila kupiga simu, Warda akaja.

Aliteremka kwenye basi saa tano na kuulizia nyumba ya mama Mary. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, amejifunga ushungi wa bluu, na begani amebeba kamera ya mradi. Wafadhili walitaka kumwona mgonjwa aliyefanikiwa kuliko wote, na yeye alitaka kumshtukiza mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsifia miezi yote hiyo. Evaristo, aliyemwona barabarani, alikuwa amempokea mkoba.

Lusia alimwona mlangoni pake na akamtambua mara moja, kabla hajasema shikamoo.

Warda alitazama godoro. Alipiga magoti, akafunua shuka, akaushika ule mguu. Alijaribu kuunyoosha, Damiani akalia kwa maumivu. Warda aliurudisha polepole, na alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Alhamisi uliniambia ametembea mpaka kwa jirani."

Lusia aliitazama simu kwenye kopo la sukari.

"Huu ni mguu wa miezi miwili haujaguswa. Mama, nimekukosea nini? Mimi nimesimama mbele ya watu nikalitaja jina lako."

"Alikuwa anatupiga," Lusia alisema. Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti, na lilitoka dogo. "Aliposimama tu, alinipiga. Akampiga na mtoto."

"Uongo!" Evaristo aling'aka. "Mtu nusu maiti apige watu? Mwanamke huyu anataka kumuua kaka yangu!"

Warda aliinua mkono kumnyamazisha. Mary alikuwa amesimama pembeni na sare ya shule. Warda alimsogelea, akalitazama kovu juu ya jicho, akamwuliza kwa sauti ile ile ya saa nne, "Mdogo wangu, usiogope. Hapa palikatwa na nini?"

Mary alimtazama baba yake mdogo. Alimtazama mama yake, ambaye midomo ilikuwa imemkauka. Alifanya kama alivyofundishwa.

"Nilianguka kisimani."

Lusia alifungua kinywa, na alichotaka kusema hakikuwa na mlango wa kutokea, kwa sababu kama mtoto anasema uongo ni nani aliyemfundisha?

Warda hakumtazama tena. Alivua viatu, akakaa godoroni, akaufanyia kazi ule mguu kwa mikono yake saa nzima, pumzi yake ikiongoza pumzi ya Damiani, na goti lililokataa likaanza kushuka, kidogo, kidogo tena. Machozi yalimtiririka Damiani. "Malaya," alimwambia Warda kwa upole, akimpapasa mkono. "Malaya, malaya." Warda akaitikia, "Asante, mzee."

Lusia aliyaona yote akiwa mlangoni.

"Hatujachelewa," Warda alimwambia Evaristo. "Lakini inatakiwa mtu wa kila siku. Wewe ni ndugu yake wa damu. Utaweza?"

"Dokta, kaka yangu huyu! Kuanzia kesho!"

Alimwonyesha, Evaristo akajaribu akitoka jasho mbele ya kamera. Simu ikahamia mfukoni mwake. Warda alipoondoka alimuaga Mary, akapita mbele ya Lusia kama mtu anavyopita mbele ya nguzo. Jioni ile Somanga nzima ilijua. Jumapili, kwenye benchi la akina mama kanisani, wenzake walisogea wakamwachia nafasi ya kukaa watu wanne.

Evaristo alikuja kesho yake, na Jumatatu iliyofuata. Kisha akasikika yuko Mitole, kwenye shamba la ufuta. Kisha akasikika kwamba simu ile anawapigisha watu kwa malipo kule stendi, na saa nne, Warda anapopiga, laini huwa na mteja.

Damiani alimngoja. Kila Jumatatu na Alhamisi alipiga sakafu kwa kiganja mpaka wakamwogesha mapema, wakamvika shati la kanisani na kumketisha kitini, uso mlangoni. Alikaa hivyo wiki tatu bila mtu kuja. Alhamisi ya mwisho jua lilivuka paa, kivuli cha mlango kikapita miguuni pake kikaondoka, na shati likalowa mgongoni.

"Shemeji haji," Lusia alisema. "Mary, lete godoro."

Walimshika, mmoja kwapani na mmoja miguuni, wakamteremsha. Alipofika chini Damiani alimkamata Mary mkono. Hakumvuta wala hakumbana. Alimshika tu, bila hata lile neno lake moja.

Mary alikitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akaviondoa vidole, kimoja kimoja, bila kuviumiza, akaulaza mkono wa baba yake kifuani pake na kumfunika shuka. Nje basi la Lindi lilikuwa linapiga honi. Alichukua beseni la chapati, akamfuata mama yake barabarani.